NMI ndani ya NMI: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka keneli ya Linux

Usuli

Kisa hiki kilitokea hadharani, kwenye keneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ya Linux ya prosesa za x86 za biti 64, kati ya mwaka 2010 na 2015. Majina ya wahandisi nimeyaondoa. Nitawataja kwa kazi zao tu. Walio ndani ya fani watawatambua, na wengine hawapotezi kitu kwa kutowajua.

NMI (non-maskable interrupt) ni katizo, yaani wito unaoifanya prosesa iache kwa muda kazi iliyo nayo, ambalo keneli haiwezi kulizima kwa agizo la CLI kama inavyozima mengine. Ndiyo maana hutumika pale makatizo ya kawaida yasipofaa. Kaunta ya utendaji (kihesabio cha matukio ndani ya prosesa) ikifurika, NMI humwezesha perf, zana ya kupima utendaji, kuona hata msimbo unaoendeshwa makatizo yakiwa yamezimwa. Mlinzi anayechunguza kama prosesa imekwama huitegemea pia; kwa kawaida husubiri sekunde 10 kabla ya kupiga kelele. Ubao mama huitumia kuripoti hitilafu ya maunzi, na keneli iliyoanguka huitumia kuzisimamisha prosesa nyingine ili picha ya kumbukumbu ihifadhiwe.

Maunzi yana kinga yake dhidi ya NMI kupandana. Prosesa ikianza kuhudumia NMI moja, huziba nyingine zote mpaka itekeleze IRET, agizo la kurudi kutoka kwenye katizo. Ikija moja katikati ya huduma, huwekwa kiporo. Zikija tano, bado huwekwa kiporo moja tu. Na hali hiyo ya "nimeziba" au "nimezibua" haipo kwenye rejista yoyote ambayo keneli inaweza kuisoma. Msomaji alishike hilo, maana karibu kila tatizo la kisa hiki linazaliwa hapo.

IRET si mali ya NMI peke yake. Hitilafu ya ukurasa hurudi kwa IRET. Brekipointi, yaani alama inayoukatiza msimbo mahali ilipowekwa, hurudi kwa IRET. Rutini ya NMI ikigusa anwani ambayo haimo kwenye jedwali la kurasa, hitilafu hutokea, huhudumiwa, hurudi kwa IRET, na prosesa huhesabu kwamba NMI imekwisha. Rutini bado iko katikati ya kazi, lakini mlango umeachwa wazi.

Kwenye x86 ya biti 32 hilo lingekuwa usumbufu wa kawaida: NMI ya pili husukuma fremu yake (kumbukumbu ya mahali pa kurudi) chini ya ile ya kwanza kwenye staki hiyohiyo, na msimbo wa C unaweza kugundua kwamba kuna mwenzake kazini. Kwenye biti 64 ni maafa, kwa sababu NMI hutumia IST, yaani staki maalumu ambayo kilele chake kimeandikwa kwenye TSS, jedwali ambalo prosesa hulisoma yenyewe. Kila NMI inapofika, prosesa huanza kusukuma kutoka kilele kilekile: SS, RSP, RFLAGS, CS na RIP, maneno matano, baiti 40. RSP ni anwani ya staki iliyokuwa ikitumika, RFLAGS ni bendera, CS huonyesha kama aliyekatizwa ni keneli au mtumiaji, na RIP ni agizo la kurudia. NMI ya pili huandika baiti 40 zake juu kabisa ya baiti 40 za ya kwanza.

Tazama kinachofuata. NMI ya pili hurudi bila shida, maana fremu iliyopo ni yake. Ya kwanza huendelea, humaliza, hufika kwenye IRET yake, na kusoma fremu inayosema: rudi katikati ya NMI ya kwanza. Hurudi humo. Humaliza tena, husoma fremu ileile, hurudi humo tena. Msimbo uliokuwa ukiendeshwa kabla ya yote haya hauna tena pa kuandikwa. Anwani yake imefutika.

Mtu atauliza kwa nini wasiachane na IST. Hawawezi, na sababu ni SYSCALL. Agizo hilo humwingiza mtumiaji kwenye keneli bila kubadilisha RSP. Kwa maagizo machache ya mwanzo, prosesa iko kwenye hali ya keneli huku RSP ikiwa na chochote alichoacha mtumiaji. Makatizo ya kawaida yamezimwa wakati huo, NMI haizimiki. Bila IST, prosesa ingesukuma fremu ya keneli mahali alipochagua mtumiaji. Kwa hiyo IST ni lazima, na IST hiyohiyo ndiyo inayoua.

Mfuatano wa matukio

Kwa muda mrefu kinga ilikuwa kanuni ya maneno: ndani ya NMI, usisababishe hitilafu yoyote. Kanuni ilitosha wakati rutini ya NMI ilikuwa fupi na yenye kazi moja au mbili.

Kufikia 2010 haikutosha tena. Perf ilikuwa imeingia kwenye njia ya NMI na data zake, na baadhi ya kumbukumbu iliyotengwa kwa vmalloc, njia mojawapo ya keneli ya kutenga kumbukumbu, ilijazwa kwenye jedwali la kurasa la kila mchakato pale tu ilipoguswa kwa mara ya kwanza, yaani kwa njia ya hitilafu ya ukurasa. Upande wa pili, mhandisi wa ufuatiliaji alitaka kubadilisha msimbo wa keneli ikiwa hai kwa kuweka brekipointi, badala ya kuzisimamisha prosesa zote kila mara mtu anapowasha ufuatiliaji wa fankisheni. Fankisheni zinazofuatiliwa huitwa popote, NMI ikiwamo. Basi brekipointi ndani ya NMI ikawa jambo la kutarajiwa.

Mjadala ukaanza mwaka huo. Msimbo uliotokana nao uliandikwa mwishoni mwa 2011 na kutoka na Linux 3.3, Machi 2012. Ulikaa miaka mitatu. Mwaka 2015 mhandisi mwingine, anayeshughulikia milango ya kuingilia keneli, aliusoma mstari kwa mstari na kuibua makosa ambayo, kwenye orodha ya hadharani ya udhaifu wa usalama, yalipewa namba za CVE-2015-3290, CVE-2015-3291 na CVE-2015-5157. Mawili kati yake yaliweza kumpa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya juu; moja lilimwezesha kuzipoteza NMI.

Maamuzi ya awamu ya kwanza

Njia tatu zilikuwa mezani.

Ya kwanza ilikuwa kuikaza kanuni: hakuna hitilafu ndani ya NMI, basi. Hii ilikataliwa kwa vitendo kabla ya kukataliwa kwa hoja, maana kila aliyeongeza kitu kwenye njia ya NMI alikuwa na sababu nzuri, na hakuna aliyeweza kukagua kila fankisheni inayoitwa kutoka humo.

Ya pili ilikuwa kuzifanya rutini za hitilafu zirudi bila IRET zinapogundua kwamba zimetokea ndani ya NMI: rudisha bendera kwa POPF, ruka kwa RET, na prosesa haitazibua chochote. Wazo ni safi. Lakini POPF hairudishi bendera zote kama IRET (bendera ya RF hufutwa), na kila rutini ya hitilafu, hata ile ya hitilafu ya ukurasa inayopitiwa mara nyingi mno, ingelazimika kubeba mzigo wa jambo linalotokea kwa nadra. Wasimamizi hawakuupokea mzigo huo.

Ya tatu, iliyoshinda, iliacha NMI ya pili iingie na kuiambia iondoke haraka. Mgeni akikuta mwenyeji yuko bafuni, haingii. Anaacha ujumbe mlangoni na kwenda zake. NMI ya pili hufanya hivyohivyo: haishughulikii chochote, bali huandika kwenye nakala ya fremu ya ile ya kwanza kwamba, ukimaliza, usirudi ulikotoka kwanza, anza upya. Ya kwanza ikitekeleza IRET yake, inajikuta kwenye lebo iitwayo repeat_nmi, inahudumia mara ya pili, kisha ndipo inarudi kwa kweli. Kwa njia hiyo NMI moja tu huwekwa kiporo, sawasawa na maunzi yenyewe yanavyofanya, kwa hiyo hakuna ahadi ya zamani iliyovunjwa.

Ili hilo liwezekane, fremu ya kwanza ilinakiliwa mara mbili kwenye staki ya NMI. Nakala moja ni ya akiba na haiguswi. Nyingine ndiyo IRET itakayoisoma, na ndiyo mgeni anayoruhusiwa kuiharibu. Kilele, pale prosesa inapoandika kwa nguvu, kikaachwa kuwa eneo la kuchafuliwa.

Kilichobaki ni swali moja: NMI inajuaje kwamba ni ya pili?

Ushahidi mbili ulitumika. Kwanza, kigeu kilichokaa kwenye staki yenyewe ya NMI: 1 maana yake kuna mwenzako kazini. Pili, RSP iliyosukumwa kwenye fremu: ikiwa inaelekeza ndani ya staki ya NMI, basi umemkatiza mwenzako. Kimoja peke yake hakitoshi. NMI ya kwanza ikiwa imeingia kwenye brekipointi, RSP itakuwa kwenye staki nyingine, na kigeu ndicho kitakachosema ukweli. Kigeu nacho lazima kirudishwe kuwa 0 kabla ya IRET ya mwisho, na kati ya agizo linalokifuta na IRET yenyewe kuna nafasi ya agizo moja. Kama hitilafu ilishazibua NMI mapema, nyingine inaweza kutua hapohapo: kigeu ni 0, lakini RSP bado iko ndani ya staki ya NMI. Hapo RSP ndiyo shahidi.

Kulikuwa pia na kipande kifupi, kati ya repeat_nmi na end_repeat_nmi, ambamo nakala zinaandikwa upya. NMI ikitua humo hurudi kimya bila kugusa chochote, maana aliyekatizwa yuko njiani kuhudumia kila kitu. Na NMI iliyotoka upande wa mtumiaji ilipita bila maswali: CS ikisema mtumiaji, huwezi kuwa wa pili.

Brekipointi zilihitaji jibu lao, kwa kuwa nazo zilitumia IST. NMI iliyokatiza rutini ya brekipointi kisha ikapiga brekipointi yake ingefuta fremu ya wenzake. Suluhisho lilikuwa kubadilisha jedwali la makatizo kwa muda katika hali hiyo, ili brekipointi ndani ya NMI ya namna hiyo ibaki kwenye staki iliyopo.

Pale uongo ulipoingilia

Nataka kukaa kidogo kwenye CVE-2015-3291, ingawa si kubwa kuliko wenzake kwa madhara, kwa sababu inaonyesha kosa la muundo, si la uchapaji.

Mtumiaji asiye na mamlaka yoyote anaandika programu ndogo. Anaweka kwenye RSP anwani iliyo ndani ya staki ya NMI ya keneli. Hawezi kuisoma wala kuiandika anwani hiyo, lakini hakuna kinachomzuia kuibeba kwenye rejista. Kisha anatekeleza SYSCALL, tena na tena. Kwa kutumia perf anazalisha NMI kwa wingi, na anasubiri bahati.

NMI inatua kwenye ile nafasi ya maagizo machache: SYSCALL imeshaingia, staki ya keneli bado haijapakiwa. Prosesa inasukuma fremu. CS inasema keneli, kwa hiyo kile kichujio cha mtumiaji hakisaidii. Kigeu ni 0. RSP inaelekeza ndani ya staki ya NMI. Msimbo wa 2012 unahitimisha: mimi ni wa pili. Unaandika ujumbe kwenye nakala ya fremu ambayo hakuna mtu atakayeisoma, na unaondoka. NMI imepotea.

Kupotea kwa NMI moja kunaweza kuonekana dogo. Lakini kaunta ya utendaji ikifurika na katizo lake kupelekwa, prosesa huifunika njia hiyo kwenye APIC, kidhibiti chake cha makatizo, mpaka rutini iifungue kwa mkono. Rutini isipofika, haifunguliwi. Na yule mlinzi wa prosesa zilizokwama hutegemea kaunta hizohizo.

Shahidi wa pili, RSP, alikuwa akizungumza maneno aliyopewa na mshambulizi. Mwaka 2011 hoja ilikuwa sahihi kwa keneli inayojikatiza yenyewe. Haikuhesabu kwamba kuna sehemu ya keneli ambamo RSP si ya keneli, japo ni sehemu ileile iliyoifanya IST iwe ya lazima.

Makosa mengine mawili yana ukoo na hilo. CVE-2015-3290 ilitokana na njia ya NMI kutegemea espfix64, ule ujanja wa kurudi kwenye programu za staki ya biti 16, wakati NMI zimepandana. CVE-2015-5157 ilihusu IRET yenyewe kushindwa inaporudi kwa mtumiaji kutoka kwenye NMI.

Maamuzi ya awamu ya pili

Marekebisho yalikuja pamoja, na mpangilio wake unafaa kuigwa.

Kubwa kuliko yote: NMI iliyomkatiza mtumiaji haikai tena kwenye IST. Inahamia mara moja kwenye staki ya kawaida ya mchakato husika, inanakili yale maneno matano, na kuanzia hapo inafanya kazi na kurudi kama katizo lolote. Hitilafu ikitokea humo na kuzibua NMI, nyingine ikija inaikuta IST ikiwa tupu. Hakuna cha kufutwa. Upande wa C uliwekewa hali tatu, haifanyi kazi, inafanya kazi, na kuna kiporo, ili hata hizo mbili zisishughulikie jambo moja kwa wakati mmoja. Kwa uamuzi huo sehemu nzima ya tatizo iliondoka, na IRET inayoshindwa kuelekea kwa mtumiaji ikaangukia kwenye njia iliyozoeleka.

Kwa NMI zinazokatiza keneli, ujanja wa kurudia ulibaki, lakini shahidi RSP aliongezewa mwenzake. Kabla ya kufuta kigeu, rutini huwasha DF, bendera ya mwelekeo iliyomo kwenye RFLAGS, kwa agizo la STD. NMI ikitua kati ya hapo na IRET, fremu itaonyesha RSP ndani ya staki ya NMI na DF ikiwa 1. Mtumiaji anayedanganya kwa SYSCALL hawezi kuonyesha hivyo, kwa sababu keneli imeiagiza prosesa, kwenye rejista ya barakoa ya SYSCALL, ifute DF kila inapoingia. Na IRET ikirudisha bendera za zamani, DF hurudi ilivyokuwa bila gharama ya ziada. Binafsi naona huu ndio mstari mzuri kuliko yote kwenye faili lile, na pia ndio unaoomba maelezo marefu kuliko yote. Kwa bahati, maelezo yameandikwa juu yake.

Tatu, kiliongezwa kipande cha majaribio chini ya chaguo la CONFIG_DEBUG_ENTRY. Kikiwashwa, njia ya NMI hutekeleza IRET mapema kwa makusudi, ili NMI zizibuke na kupandana kila mara badala ya kusubiriwa. Kimezimwa kwa kawaida kwa kuwa IRET ni ghali.

Matokeo

Marekebisho yaliingia kwenye Linux 4.2 na kurudishwa kwenye 4.1.6. Brekipointi ndani ya NMI zilibaki halali, na ufuatiliaji wa fankisheni haukulazimika kurudia kuzisimamisha prosesa zote.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi tangu mwanzo ni kukubali kwamba hitilafu ndani ya NMI zitatokea tu. Wahandisi wa 2011 hawakujenga juu ya nidhamu ya watu wengine. Kuiga tabia ya maunzi, kiporo kimoja na si zaidi, kuliwapa pia kipimo rahisi cha usahihi.

Kilichoshindwa ni kujaribu kukisia, kwa dalili, hali ambayo prosesa inaijua lakini haiisemi. Kila dalili ina mtu wa pili anayeweza kuiandika: rutini ya NMI yenyewe, rutini ya brekipointi, mtumiaji. Mapitio ya 2012 yaliuliza "je, dalili hii ni ya kweli NMI zikipandana?" na jibu lilikuwa ndiyo. Swali lililokosekana lilikuwa la upande wa pili: je, inaweza kuwa hivyohivyo NMI zisipopandana? Ndiyo maana uamuzi wa 2015 ninaouheshimu zaidi si ule wa DF bali ule wa kuhama staki. DF iliboresha jibu. Kuhama staki kulipunguza mara ambazo swali linaulizwa.

Jaribio la makusudi lilichelewa. Nafasi ya agizo moja haipatikani kwa kuendesha mzigo mkubwa usiku kucha na kutumaini. Kwa keneli yoyote unayoiandika mwenyewe, hata ya darasani, weka swichi ya kuzibua NMI mapema siku ileile unapoandika rutini yake.

Wanaosoma kisa hiki kwa ajili ya staki husahau vitu vingine ambavyo NMI inaweza kuvikanyaga. CR2, rejista inayobeba anwani iliyosababisha hitilafu ya ukurasa, ni mfano. Keneli inahudumia hitilafu ya ukurasa na bado haijasoma CR2. NMI inatua, inasababisha hitilafu yake, na CR2 sasa ina anwani nyingine. Rutini ya NMI ya Linux huihifadhi CR2 inapoanza na kuirudisha ikikuta imebadilika. Kufuli nalo: ukishika kufuli ambalo aliyekatizwa alikuwa amelishika, mtangojeana milele, kwa hiyo ndani ya NMI mtu hujaribu tu kufuli na kuondoka likikataa, au huahirisha kazi kwa irq_work. Kwa kuwa viporo kumi hugeuka kimoja, rutini hulazimika kuwauliza wote wanaoweza kuwa wameita; ikikosa mwenye wito, keneli huandika ule ujumbe wake maarufu kwamba imeduwaa na kuchanganyikiwa lakini itajaribu kuendelea.

Kuna pembe moja ambayo msimbo wa keneli hauifikii. SMI, katizo linaloipeleka prosesa kwenye hali maalumu iitwayo SMM, ikiingia katikati ya NMI, msimbo wa bayosi huendeshwa, na IRET iliyomo humo inaweza kuacha NMI zikiwa wazi prosesa inapotoka SMM. Miongozo ya Intel inalitaja jambo hilo wazi. Ujanja wa kurudia unalistahimili, maana haujali nani aliyezibua. Njia ya kurudi bila IRET isingelistahimili, na kwangu hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote dhidi yake.

Jibu la maunzi limekuja na FRED ya Intel, utaratibu mpya wa prosesa wa kupokea makatizo na hitilafu na kurudi kutoka humo, ulioanza kuungwa mkono na Linux 6.9 mwaka 2024. Kurudi kutoka kwenye hitilafu hakuzibui NMI tena. Fremu yenyewe hubeba biti inayosema kama kurudi huku ni kwa NMI. Na tukio linalotokea kwenye ngazi ileile ya staki huendelea chini ya lililotangulia badala ya kurudi kileleni. Kwenye mashine zisizo na FRED, repeat_nmi na STD ya 2015 bado vinapitiwa kila NMI inapoikatiza keneli.